Kamera nyepesi, lakini nani aliubeba mzigo?

Kila Desemba ikikaribia swali huwa ni lile lile. Mtu anajiandaa kwenda likizo, pengine kwao Vwawa, Ileje au Tunduma, na safari hii anataka arudi na picha za maana. Basi ananiuliza: nibebe kamera gani ambayo haitanivunja bega? Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, watu wanadhani jibu ninalo mfukoni. Wanategemea nitaje jina la kamera, bei yake na duka la Kariakoo inakopatikana, tumalizane.

Jibu nitalitoa, msiwe na wasiwasi. Ila naomba tupite njia ndefu kidogo, maana uzito wa kamera katika nchi yetu una historia yake, na historia hiyo inapita palepale Songwe mnapokwenda kula sikukuu. Kwa miaka sitini hivi ya mwanzo, mpiga picha katika bara letu hakuibeba kamera yake. Ilibebwa na mtu mwingine, kichwani au begani, na mtu huyo akionekana kwenye picha basi haonekani kwa jina. Ukilijua hilo, swali la "nibebe kamera gani" linabadilika sura.

Tuanze mwaka 1860. Maofisa wawili wa jeshi la Uingereza kutoka India, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wako Zanzibar wanajiandaa kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant ana kamera. Alipiga picha Unguja, na ni miongoni mwa picha za zamani kabisa tulizonazo za mji ule. Lakini kamera ile haikwenda mbali bara. Speke aliandika baadaye kwamba aliirudisha, kwa sababu joto la kile kihema kidogo ambamo Grant alikuwa akitengenezea vioo vyake lingemuua mapema tu.

Kihema cha nini? Hapa lazima tuelewe picha ilivyokuwa inapigwa. Njia iliyotumika wakati huo iligunduliwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Unachukua kipande cha kioo, unakimwagia dawa, unakiingiza kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, halafu unakisafisha hapo hapo kabla dawa haijakauka. Una dakika kumi hivi, na kwenye jua la Afrika hata hizo ni chache. Kwa hiyo ukitaka picha moja ya mti wa mbuyu ni lazima uwe na kamera ya mbao, miguu yake mitatu, sanduku la vioo, chupa za dawa, maji safi na hema la giza. Yaani unahama na studio nzima!

Na studio hiyo ingebebwa na nani? Msafara wa akina Speke, kama misafara yote ya wakati ule, ulitembea kwa miguu ya wapagazi, na miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay. Mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni takriban kilo 16. Mtu mmoja aliweza kutwishwa frasila mbili, kilo 30 na ushee, kutoka pwani hadi Tabora na zaidi. Pima hilo na lile begi lako la mgongoni unalolilalamikia ukishuka kwenye basi. Grant alifanya uamuzi wa busara. Aliendelea na safari kwa kalamu na rangi, akachora alichokiona. Vifaa vyepesi vya safari katika Afrika Mashariki vilianza hapo, kwa mtu kuiacha kamera.

Mwaka 1871 daktari mmoja wa Uingereza, Richard Leach Maddox, alieleza njia ya kutengeneza kioo kikavu, na kabla muongo ule haujaisha vioo vya namna hiyo vikawa vinauzwa tayari madukani. Hema la giza halikuhitajika tena porini. Unapiga leo, unasafisha baada ya miezi. Lakini kioo ni kioo. Nimefanya hesabu: kioo cha sentimita 13 kwa 18, unene wa milimita moja na nusu, kina uzito wa gramu 85 hivi. Picha mia moja ni zaidi ya kilo 8 za vioo vitupu, bado masanduku na kamera yenyewe. Na mpagazi akijikwaa, picha ndiyo imekwisha.

Kwa uzito wa aina hiyo ndivyo kamera ilivyofika pande za kwetu. Kati ya mwaka 1897 na 1900 daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka nchi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1906 kitabu chake kikubwa kuhusu maeneo ya Nyasa na Ruvuma kilitoka Berlin, kikiwa na juzuu zima la picha. Miaka minne kabla, mwaka 1902, alikwishatoa kingine kuhusu maumbile ya watu wa huku. Humo watu walisimamishwa uso kwa kamera, kisha wakageuzwa ubavu, kama mahabusu wa polisi. Walikuwa wanapimwa.

Msinielewe vibaya. Picha zile ni hazina, na mtu wa Mbeya au Songwe anayetafuta babu wa babu yake alivyovaa na alivyosuka nywele, atalazimika kuziangalia. Lakini uzito wa kamera ulikuwa umekwishaamua mambo mengi kabla kidole hakijagusa kitufe. Mwenye wapagazi ndiye mwenye kamera. Mwenye kamera ndiye mwenye kuamua nani asimame vipi. Na kwa kuwa kioo ni kizito na ni ghali, huwezi kukipoteza kwa mama anayecheka akitwanga mahindi. Utakitumia kwa "kabila", kwa "mfano", kwa mlima na kwa bendera.

Na Tunduma je? Kwa nini mpaka upite pale? Miaka ya 1880 Waingereza wa kampuni ya African Lakes walichonga barabara kutoka Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, kuelekea Ziwa Tanganyika. Ikaitwa Stevenson Road, kwa jina la James Stevenson aliyetoa fedha. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, mstari wa mpaka ukachorwa hivi kwamba barabara hiyo ibaki upande wa Waingereza. Mpaka unaouvuka leo kwenda Nakonde kununua nguo uliwekwa ili kuilinda njia ya wabeba mizigo! Wanyamwanga wakajikuta wako nchi mbili bila kuhama.

Kisha ikaja Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1912 Kodak walikuwa wametoa kamera ndogo ya kukunja, Vest Pocket Kodak, inayoingia mfukoni, na askari wengi wa Kizungu walikwenda nayo vitani. Askari wa kawaida aliweza kubeba kamera yake mwenyewe. Lakini risasi, unga na mahema viliendelea kubebwa na watu wetu. Upande wa Nyasaland na Rhodesia Kaskazini waliitwa tengatenga, na walikufa kwa maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 kikosi cha von Lettow-Vorbeck kilipita nyanda hizi za kwetu na kuishambulia Fife, ng'ambo kidogo tu ya Tunduma. Tarehe 25 mwezi huo kikaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala.

Kwa upande wa Dar es Salaam wabeba mizigo hao walikuwa na kambi, na jeshi lao Waingereza waliliita Carrier Corps. Kambi ilikwisha, jina likabaki. Ndiyo Kariakoo hiyo! Soko unalokwenda kununua kamera nyepesi limepewa jina la watu waliobeba mizigo mizito kuliko wote katika historia ya nchi hii. Ukipita mtaa wa Kongo ukichagua begi la kamera, likumbuke hilo.

Sasa tuwageukie walioipunguza kamera uzito, maana nao wana kisa. George Eastman alitoa Kodak ya kwanza mwaka 1888, ikiwa na mkanda wa picha 100 badala ya vioo. Mwaka 1900 akatoa Brownie, kiboksi kilichouzwa dola moja ya Marekani. Ujerumani, fundi wa kiwanda cha Leitz aitwaye Oskar Barnack alipenda kutembea milimani akipiga picha, lakini alikuwa na pumu. Kamera kubwa na vioo vyake vilimshinda. Akatengeneza kamera ndogo inayotumia mkanda wa sinema wa milimita 35, na mwaka 1925 ikaingia sokoni kwa jina la Leica. Ilikuwa haifiki nusu kilo, na inapiga picha 36 mfululizo. Hakuna mkuu wa jeshi wala profesa aliyeagiza jambo hilo. Alilianza mtu mwenye kifua kibovu aliyetaka kutembea na kamera bila mpagazi.

Huku kwetu Leica ilikuwa kitu cha matajiri. Watu wengi walipata picha kwa njia nyingine: badala ya kamera kwenda kwa mtu, mtu alikwenda kwa kamera. Ndiyo enzi ya studio. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na miji mingi ya bara ikapata studio zake. Angalia albamu ya nyumbani kwenu: baba amesimama mbele ya pazia lililochorwa, mkono kwenye kiti, saa imegeuzwa ionekane. Hapo mtu wetu hakusimamishwa kupimwa. Alilipa, alichagua nguo, alichagua pozi. Hatua kubwa sana hiyo. Ila pazia liliificha nyumba yake, shamba lake na mtaa wake.

Waliotoka nje ya pazia walitoka kwa sababu ya kamera nyepesi na rahisi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba. Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 tu, alianzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaitikisa dunia.

Songwe nayo ilipata siku yake kubwa. Agosti 1973 reli ya TAZARA, iliyokuwa ikijengwa tangu 1970, ilifika Tunduma. Ilikwenda hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Mwaka mmoja kabla reli haijafika Tunduma, yaani 1972, Mjapani Yoshihisa Maitani wa kampuni ya Olympus alitoa kamera iliyokuja kuitwa OM-1, baada ya kukusudia kupunguza ukubwa na uzito wa kamera za aina ile karibu kwa nusu. Kamera ya kufaa kutembea nayo kutwa nzima relini ilikuwepo basi. Lakini tazama picha za TAZARA zinazozunguka mpaka leo: viongozi, bendera, vichwa vya treni, wataalamu wa Kichina na wa Kiafrika wakishikana mikono. Mama aliyewauzia wajenzi uji na mihogo yuko wapi? Kijana wa Tunduma aliyebeba mataruma yuko wapi? Picha zao, kama zilipigwa, ziko kwenye masanduku ya nguo majumbani mwa watu, hazijulikani. Na wenye kumbukumbu zile wanatutoka mmoja mmoja.

Mengine mnayajua. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera ya dijitali ya kwanza. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kile kioo cha ndani cha DSLR, na tangu hapo kamera nzuri zikaanza kuwa ndogo. Leo simu ya gramu 200 inapiga picha ambayo Grant asingeiamini.

Je, uzito umekwisha? Mimi nasema hapana, umehama tu. Zamani kazi ilikuwa kuibeba picha hadi nyumbani, lakini ikishafika ilikaa. Picha za Grant za mwaka 1860 zipo. Za Fülleborn zipo. Picha ya bibi yako ya studio ipo, imepauka lakini ipo. Hebu niambie, picha ulizopiga kwa simu yako ya mwaka 2012 ziko wapi? Kupiga hakuna mzigo tena, mzigo wote uko kwenye kutunza, na huo hakuna mpagazi wa kukubebea.

Haya, jibu lenyewe sasa. Mfuko wa kitaalamu wa DSLR kubwa, lenzi mbili nene, flashi, stendi ya miguu mitatu na chaja unafika kilo 5 au 6 bila shida. Mashirika mengi ya ndege hayaruhusu zaidi ya kilo 7 mkononi, na ukipanda bodaboda kutoka Vwawa kwenda vijijini utajuta. Sababu ya ukubwa ule ni sensa: sensa kubwa inataka lenzi kubwa. Kwa hiyo chagua sensa ya kati au ndogo kwanza, lenzi itapungua yenyewe. Kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani ikiwa na lenzi moja inakaa kwenye gramu 500 au 600. Zipo za lenzi ya kudumu ambazo ni nyepesi zaidi. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ina gramu 257, inaingia mfuko wa shati. Na kama uwezo ni simu tu, simu inatosha, usikope.

Lenzi moja ya upana wa wastani, ile ya milimita 28 au 35 kwa hesabu za mkanda, inatosha kwa Songwe. Inakulazimisha kumsogelea mtu na kumsalimia kwanza. Itakufaa sokoni Tunduma, kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi, na hata kwenye Kimondo. Kimondo kile kina uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, na urefu wa mita tatu hivi. Mpimaji wa kikoloni W. H. Nott ndiye anayetajwa kukiona mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua. Mweke mtu kando yake, picha ipate kipimo. Kama lengo lako ni ndege wa Ziwa Rukwa, hapo sawa, utahitaji lenzi ndefu, na uzito huo ukubali kwa hiari yako.

Desemba ni masika ya huko, beba mfuko wa plastiki mgumu wa kufunika kamera. Ukienda kiangazi, vumbi la Tunduma halina huruma, usibadilishe lenzi barabarani. Betri ya akiba moja. Kadi mbili za kumbukumbu, kila moja gramu 2 tu, ile ya pili ni ya kunakili kila usiku. Stendi ya miguu mitatu iache nyumbani.

Tahadhari moja: mpakani usipige ovyo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yanayolindwa, na kituo cha forodha, askari na madaraja si mahali pa kujaribia kamera mpya. Omba ruhusa. Na raia wa kawaida naye muombe ruhusa. Mababu zake waligeuzwa ubavu bila kuulizwa, tusirudie.

Uzito ulioupunguza kwenye begi, uurudishe kwenye karatasi. Tenga fedha ya kusafisha picha ishirini tu, kabla hujaondoka au ukirudi. Moja mpe mwenye sura yake. Nyuma ya kila picha andika jina la mtu, mahali na mwaka. Na ukiwa nyumbani, mwombe bibi au babu akufungulie lile sanduku, uzipige tena zile picha za zamani zilizomo huku akikutajia majina, nawe ukiandika. Kazi hiyo haihitaji kamera ya milioni tatu, bali asubuhi moja tu ya likizo na mtu mwenye subira.

Kama kwenu kuna picha ya Tunduma au Mbozi ya siku za ujenzi wa reli, hata kama imekunjika, na mwenye kuijua bado yu hai, basi hiyo ndiyo picha ya kwanza ya likizo yako. Nyingine zitafuata. Safari njema wadau, na sikukuu njema.